Sinema ya Nesi

Sipendi kufichwa. Anayenisimulia jambo aniambie mwanzoni nani alikufa na nani alipona, halafu aendelee kwa raha zake, nitamsikiliza mpaka mwisho. Kwa hiyo na mimi nitafanya hivyo. Mama Leonsi hakuiba sukari ya duka la ushirika. Kaka yangu Konstantini alijua kwamba hakuiba, alisimama uani kwa mama huyo siku walipomkamata, na hakufungua mdomo. Mimi, Jovita, nilijua vilevile, na mkono uliomvuta Konstantini koti ili anyamaze ulikuwa wangu. Mama Leonsi alikaa rumande miezi kumi. Haya, mmeshapata. Sasa niwaeleze kaka yangu alikuwa mtu wa namna gani.

Kwa kazi alikuwa karani wa josho la ng'ombe kule Mutuka. Alisoma seminari miaka miwili, akarudishwa nyumbani kwa sababu ya ubishi, na alichorudi nacho ni Kiingereza na koti moja la kijivu alilolitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Babati ya wakati ule, tukiwa bado mkoa wa Arusha, watu waliojua Kiingereza hawakuwa wengi, na waliokijua hawakuwa na sauti. Konstantini alikuwa na sauti. Ndiyo maana Alawi, mtu wa sinema, alimchukua awe mfasiri wake.

Alawi alikuja mara moja kwa mwezi na basi la Arusha, mashine yake imefungwa kwenye godoro juu ya keria, mikanda ya picha kwenye mabati ya duara. Alionyesha Jumapili mchana, baada ya misa ya pili, kwenye godauni la mahindi. Godauni lilikuwa tupu kwa sababu mahindi yenyewe hayakuwepo, sote tulikuwa tunakula unga wa njano wa msaada, ule wa yanga. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, na ukutani zilitundikwa shuka tatu nilizoziunga mimi kwa sindano ya mkono. Konstantini alisimama pembeni ya shuka na fimbo yake ya josho, akawa anasema kila kinachosemwa, sauti nyembamba kwa wanawake, nzito kwa majambazi.

Na kabla ya yote aliulizwa swali moja. Mashine ikianza tu, godauni zima lilipiga kelele: "Steringi nani?"

Hapo Konstantini alinyoosha fimbo akagusa uso mmoja kwenye shuka. Akishagusa, basi. Watu walishusha pumzi, wakajua nani wa kumpenda, nani hafi, na nani wa kumpigia makofi. Mtu wa nje anaweza kuona ni utoto. Kwetu yalikuwa makubaliano, na nadhani katika mwaka ule yalikuwa makubaliano pekee yaliyokuwa yanatimizwa. Duka lilikuambia sabuni Ijumaa, Ijumaa ikafika bila sabuni. Redio ilikuambia mambo yatakuwa mazuri. Steringi wa Konstantini alipona kila mara.

Hakuwa mchawi. Alijua kwa sababu Alawi alikuwa akifika Jumamosi na kumwonyesha picha yote peke yake. Lakini mwaka huo wa 1983 dizeli ikawa ya kuombea kibali, na kibali chenyewe cha kuombea kibali kingine. Alawi akasema jenereta haliwezi kuwaka mara mbili. Konstantini akaanza kufasiri picha ambayo hata yeye hajaiona. Mwezi Januari alibahatisha, ikawa. Februari baba yetu alifariki, hakufasiri. Machi ikaja ile ya nesi.

Ilikuwa picha ya hospitali moja ya Ulaya, wazee wanakufa mmoja mmoja na polisi anatafuta anayewaua. Kulikuwa na daktari mwenye masharubu, mkali, hasalimii mtu. Kulikuwa na nesi mwenye uso mzuri, anayewafunika wagonjwa shuka na kuwashika mkono. Godauni likauliza swali lake. Konstantini hakufikiri hata kidogo, akanyoosha fimbo, akagusa uso wa nesi.

Wanawake wote tulimpenda yule nesi. Alipofunga mlango na kumlilia mzee mmoja aliyekufa, mimi nililia naye, maana baba yangu hakuwa amemaliza hata wiki tano kaburini. Halafu ukaja mkanda wa mwisho, na nesi akatoa sindano mfukoni, akacheka. Ni yeye aliyewaua wote.

Kisha godauni likalipuka, lakini hakuna aliyemtukana nesi. Walimgeukia kaka yangu.

"Umetugusia muuaji!" Romani alipiga kelele. Huyu Romani alikuwa fundi cherehani pale sokoni, rafiki yake wa siku nyingi. "Konstantini, umetugusia muuaji kwa mkono wako!"

Ubishi ule ulichukua wiki nzima, barazani kwa Romani, cherehani ikiwa imelala kwa sababu vitambaa havikuwepo. Mimi nilikaa pale nikichambua maharage na kusikiliza. Konstantini alishikilia kwamba sinema haikudanganya mtu, ilificha tu, na kuficha si kudanganya. Romani hakukubali.

"Sikiliza wewe," alisema. "Nesi kumdanganya polisi, sawa. Kumdanganya daktari, sawa, mhalifu atafanya nini kingine? Lakini kuna pale amefunga mlango, yuko peke yake, analia. Chumbani hamna mtu. Alikuwa anamlilia nani?"

"Labda alijuta kidogo."

"Mwishoni si umefasiri mwenyewe kwamba hakujuta hata siku moja? Basi alikuwa anatulilia sisi. Chumbani tulikuwa sisi tu. Aliyetunga picha ile ametufanya wajinga makusudi, na anajua."

Mpaka leo sijasikia mtu akilieleza jambo hilo vizuri zaidi ya Romani. Muuaji akiwadanganya wenzake ndani ya picha, mtazamaji hana lawama, ni juu yake kufungua macho. Lakini akidanganya wakati hakuna wa kudanganywa isipokuwa mtazamaji, huo ni wizi. Konstantini alijua amezidiwa. Na kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hawezi kuzidiwa kwenye ubishi akanyamaza kama watu. Akatafuta njia ya kutokea, akaipata.

"Picha ile inafundisha," alisema, na akasimama kabisa na koti lake. "Inafundisha kwamba unayemwamini kuliko wote ndiye wa kumtazama."

Watu waliokuwepo waliguna kwa kuridhika. Ilisikika kama akili. Aliirudia kauli hiyo joshoni, akairudia kilabuni, na mwezi uliofuata aliisema mbele ya godauni zima kabla mashine haijawaka, nao wakampigia makofi. Aliona amesamehewa. Mimi nami nilifurahi, sitawaficha.

Sasa Mama Leonsi. Jina lake Bernadina, mjane wa Bagara, mwanawe Leonsi alikuwa mtu mzima anayefanya kazi Moshi. Alikuwa muuzaji wa duka la ushirika kwa miaka minane. Sukari ikija aligawa kwa kikombe kimoja cha bati, akakipangusa juu kwa kijiti mbele ya macho yako, awe diwani awe mchunga mbuzi. Hakucheka ovyo, hakusengenya. Kama ungeuliza mji mzima wa Babati ni nani mwaminifu, wangesema Mama Leonsi kabla hujamaliza kuuliza.

Na alikuwa na sukari ya msiba. Kila mzigo ulipofika, alitenga kidogo sukari na sabuni akaviweka nyumbani kwake, chini ya kitanda. Kamati ya duka ilikubali hivyo kwa mdomo. Sababu ilikuwa rahisi: duka lilikuwa na kufuli mbili na ufunguo mmoja alikaa nao mwenyekiti, mbali, na mtu hafi kwa kufuata saa za duka. Kwetu mtu akifariki majirani wanakaa na wafiwa siku kadhaa, na waliokaa wanapewa chai. Chai isiyo na sukari kwenye msiba ilikuwa fedheha hata katika mwaka ule. Basi ukifiwa, ulimwona Mama Leonsi anakuja na bati limefungwa kwenye kanga, analiweka jikoni, anakaa na wengine kulia. Hakuandika, hakudai. Alituletea sisi kilo mbili baba alipofariki, na mimi ndiye niliyezitia kwenye sufuria.

Mwezi wa Aprili ulianza msako wa wahujumu uchumi. Walioyaona hayo hawahitaji kuelezwa. Watu walitupa betri za redio ziwani. Jirani yetu mmoja alizika madebe mawili ya mafuta ya kupikia kwenye shamba la mihogo, halafu mvua ikaosha alama zake, akawa anachimba kila mahali huku akilia. Kuwa na kitu ilikuwa kosa, na kusema mwenzako ana kitu ilikuwa kinga. Duka la ushirika lilikaa wiki tano bila sukari. Foleni ilikuja kila asubuhi ikasimama mbele ya rafu tupu, kwenye matope, kwa mazoea tu.

Siku moja, mwanamke aliyesimama mbele yangu alisema kwa sauti ya kawaida, bila hasira, "Unayemwamini kuliko wote ndiye wa kumtazama." Akamwangalia Mama Leonsi pale kaunta. Mwingine akacheka akasema, "Nesi." Kufika Ijumaa foleni nzima ilikuwa inamwita Nesi, na yeye, ambaye hakuwahi kuingia sinema, aliniuliza, "Jovita, hivi nesi ni nani?" Nikamwambia sijui.

Jumatatu walikuja kupekua nyumba yake. Ofisa wa msako alikuwa mgeni, hakumjua mtu. Mji ulimfuata, nasi tukafuata, Konstantini na mimi na Romani na watu labda sitini, tukajaa ule ua wake mdogo wenye migomba. Chini ya kitanda walitoa beseni la sukari na miche minane ya sabuni.

"Ni ya msiba," Mama Leonsi alisema. Hakuogopa hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Waulize waliofiwa. Wamo humu."

Ofisa alitugeukia. "Nani amewahi kupewa sukari na huyu mama nje ya duka?"

Nilimsikia Konstantini akivuta pumzi ya kusema. Namjua, ni pumzi ile ile aliyoivuta kabla ya kufasiri. Nami nikamshika koti kwa nyuma nikamvuta. Niliwaza: kupewa nje ya duka ni kosa, atachukuliwa na yeye, na mimi nitabaki na mama yetu mgonjwa peke yetu. Niliyawaza hayo yote kwa haraka na kwa akili timamu. Koti lilichanika kidogo begani. Ile pumzi akaitoa bila maneno.

Mama Leonsi alituangalia, uso mmoja mmoja, kuanzia kushoto. Hakuita jina la mtu. Nadhani alikuwa anasubiri tu, akijua tutasema. Alipofika mwisho wa mstari alianza tena kushoto. Ofisa akasema, "Twende."

Wajumbe wa kamati walisema hawakumbuki makubaliano yoyote. Alipelekwa Arusha.

Konstantini baada ya pale hakuwa mtu yule. Koti hakulishona. Nilijitolea, akakataa, akawa anakwenda nalo joshoni likiwa limechanika. Kwenye sinema alianza tabia mpya: alimbana Alawi pale stendi, mashine haijashuka hata kwenye basi, amweleze picha inaishaje. Halafu alisimama mbele ya shuka akawaambia watu wote. Huyu atakufa. Huyu ndiye mwizi. Huyu baba yake atarudi. Watu walizomea, wakasema anawaharibia utamu. Alijibu, "Tazameni hivyo hivyo." Barazani kwa Romani hakwenda, na Romani hakuuliza kwa nini. Wawili hao walikuwa wakikutana sokoni wanasalimiana kwa adabu kubwa, kama watu waliokopana mke.

Kwangu mimi hakusema neno la lawama. Heri angesema. Kila siku nilimwandalia chakula, akala, akashukuru, nami nikatamani anitukane.

Mwezi Machi mwaka uliofuata Mama Leonsi aliachiwa, kesi haikusomwa hata. Alirudi na basi, na mfuko mmoja. Kazi ya duka alikuwa amepewa mtu mwingine. Alilima maharage nyuma ya nyumba yake na hakutoka. Watu waliopita pale walimpigia shikamoo kwa sauti ya juu sana, hata waliomzidi umri, naye aliitikia kila mmoja.

Jumapili ya pili baada ya Pasaka Alawi alileta tena picha ya nesi. Mikanda mipya haikuwepo, alirudia ya zamani. Nilidhani Konstantini atakataa. Alivaa koti lake lililochanika akaenda.

Godauni lilijaa. Wapo waliokuwa hawajaiona, wakauliza kama kawaida, "Steringi nani?" Konstantini alisogea, akagusa uso wa nesi kwa fimbo, akasema, "Huyu hapa ndiye muuaji. Amewaua wote. Mtazameni tangu sasa."

Zikatoka kelele, kisha watu wakatulia wakatazama. Na nawaambia, picha ile ilikuwa nyingine kabisa. Kila alipomfunika mgonjwa shuka tuliona mkono wake. Hadi ikafika ile sehemu amefunga mlango, analia peke yake, na hapo hata kwa kujua haikueleweka. Romani alikuwa amesema kweli. Kile kilio kilikuwa cha uongo, na wa kudanganywa tulikuwa sisi.

Hapo ndipo mkanda ulipoisha. Alawi alikuwa na mashine moja, kila mkanda ukiisha ilibidi wafungue mlango, mwanga uingie, abadilishe. Kwa kawaida watu walitoka kujinyoosha. Konstantini alisema, "Kaeni kidogo."

Wakakaa. Alisimama pembeni ya shuka, safari hii hana wa kumfasiri, na sauti ilikuwa ndogo.

"Baba yetu alipofariki, Mama Leonsi alituletea kilo mbili za sukari ya msiba. Nilikuwepo siku ile uani kwake. Nilisikia swali la ofisa. Nilijua, nikanyamaza. Na yale maneno ya unayemwamini kuliko wote niliyatunga mimi, ili nisishindwe ubishi. Hayakuwa kweli. Yule mama hakuwa amewaficha kitu."

Nilisimama. Nikasema, "Mimi nilimvuta koti asiseme." Nikakaa.

Nilitaka watuzomee. Nilitaka mtu atutemee mate, nawaambia kweli, ningeyapokea. Mshangao ungekuwa na maana kwamba walikuwa hawajui. Lakini godauni halikushangaa. Watu waliangalia chini. Kisha Romani akasema kutoka kwenye benchi la tatu, bila kusimama, "Tunajua, Konstantini. Kwa mama yangu alileta kilo moja na mche wa sabuni."

Mwanamke nyuma yake akasema, "Hata kwetu."

"Kwetu pia, mtoto alipofariki."

Wakaendelea, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti za chini. Nilianza kuhesabu, nikaacha. Wengi niliwakumbuka walivyosimama kwenye ule ua. Mwisho Alawi, ambaye hakuwa mwenyeji na hakuelewa lolote, aliuliza kama aendelee, maana dizeli inaisha. Mtu mmoja akasema aendelee. Wakafunga mlango, na watu wakaitazama picha mpaka nesi akacheka na kutoa sindano, na hakuna aliyepiga kelele.

Jua lilikuwa bado juu tulipokwenda Bagara, Konstantini mbele, mimi nyuma. Mama Leonsi alikuwa anapalilia. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatuletea vigoda. Konstantini hakukaa. Alimweleza yote aliyoyasema na yote yaliyosemwa, kwa mfuatano, bila kupunguza, kama alivyokuwa akifasiri siku zake nzuri. Mimi nikaeleza la koti. Nililia, Mama Leonsi hakulia.

"Walisema wanajua?" aliuliza.

"Walisema, mama."

"Nani?"

"Sisi, kwa baba. Na Romani, kwa mama yake..."

"Anza na Romani," alimkatiza. "Mama yake Romani alitangulia. Baba yenu alikuwa baadaye."

Konstantini akaanza upya na Romani. Akataja wote waliosema, na kila jina Mama Leonsi alitikisa kichwa kukubali, na mara mbili alimsahihisha kiasi, hapo ilikuwa kilo na nusu, hapo sabuni haikuwepo. Alikuwa ameshika jembe kwa mikono yote miwili. Majina yalipoisha alikaa kwenye kile kigoda alichotuletea sisi.

"Kule walinihoji kila wiki," alisema. "Niliwatajia misiba. Wakasema wameuliza Babati nzima, hakuna hata mmoja. Kila wiki hivyo hivyo. Nikaanza kufikiri, mbona hakuna hata mmoja? Mwisho nikafika mahali nikaamini sikuwahi kumpelekea mtu. Niliungama kwa padre kwamba nimeiba."



"Siku ile uani," Mama Leonsi alimuuliza Konstantini, na hakuwa mkali, alitaka tu kujua, "nilipowaangalia. Wewe ulikumbuka?"

"Nilikumbuka, mama."

"Na wewe, Jovita?"

"Nilikumbuka."

Alitikisa kichwa taratibu. "Basi ni mimi peke yangu niliyesahau," alisema, akainuka, akarudi kupalilia maharage yake.